Kipimo cha Kitovuni

"Toa pumzi yote. Na usibane tumbo, mwanangu, mimi si wa kudanganywa."

Fumihiko akatoa pumzi. Mama mkwe wake, Bi Yasue, akamzungushia utepe wa kushonea kimono usawa wa kitovu, akauvuta, akainama kuusoma.

"Umepungua tena! Chizuru, njoo uone! Mumeo anayeyuka kama theluji ya Machi!"

Chizuru alitokea mlangoni, tumbo lake la miezi saba likimtangulia. Alicheka, akajifuta machozi, kisha akamwandalia mumewe kifungua kinywa: kipande cha tofu ya soya, mwani, na chai isiyo na sukari. Nyumba nzima ilinukia miso, ule uji mzito wa soya uliokuwa ukichacha kwenye mapipa ya mierezi uani. Wali hakuruhusiwa hata kijiko.

Fumihiko aliingia katika nyumba hii kama mkwe wa kuasiliwa. Akina Tsukahara hawakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo siku ya harusi ni yeye aliyeacha jina la kwao akachukua la mkewe, pamoja na karakana ya miso ambayo siku moja ingekuwa yake. Sasa ini la baba mkwe, Mzee Genzo, lilikuwa linakufa. Alihitaji kukatiwa kipande cha ini la mtu wa familia. Chizuru alikuwa mjamzito. Bi Yasue umri ulikuwa umempita. Alibaki yeye, na damu yake ilikubali.

Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Waliulizia kiuno chake tu.

Kwani mafuta ya tumbo yakizidi, ini nalo hujaa mafuta, na ini la namna hiyo hakatiwi mgonjwa. Daktari Kanbara alimpima Fumihiko, akatikisa kichwa, akampa miezi mitatu ya kupungua. Fumihiko aliinama kwa heshima. Moyoni aliyashukuru mafuta yake. Baba yake mzazi aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo wa ngiri, hakuamka tena. Na sasa yeye mwenyewe, kila alipofumba macho, aliiona taa kubwa ya chumba cha upasuaji ikimwinamia.

Lakini mkwe wa kuasiliwa hasemi hapana. Siku moja alijaribu kununua mkate wa maharage matamu dukani. Muuza duka alimnyang'anya mkononi, akaurudisha kwenye rafu.

"Mama mkwe wako ameshatuambia wote," alisema huku akitabasamu. "Kaza moyo, kaka! Mtaa mzima tuko nyuma yako."

Siku ya kipimo cha mwisho walipitia kwanza wodini kumwona Mzee Genzo. Alikuwa wa manjano kama figili ya kuchachushwa, ila ulimi wake ulikuwa mzima.

"We mkwe, ndiyo nini hiyo? Umekuwa fagio!"

"Ni kwa ajili yako, baba."

"Nani kakuomba? Chukua hiyo keki yangu ule. Kula, nasema!"

Bi Yasue aliinyakua sahani. "Msamehe, mwanangu. Ini limempanda kichwani."

Fumihiko alilazwa kwenye kitanda chembamba, kikamsukuma ndani ya pete ya mashine.

"Utepe wa mama mkwe wako unapima nje tu," Daktari Kanbara alimweleza. "Hii inakata picha hapa kitovuni, kama unavyokata figili. Naona mafuta ya chini ya ngozi, na naona yale yaliyojificha katikati ya utumbo. Hayo ya ndani eneo lake lisizidi sentimita mia moja za mraba. Haya, toa pumzi. Usipumue."

Hakupumua. Aliyaomba mafuta yake yasimtupe. Lakini suruali yake siku hizi ilishikiliwa na kamba, na alijua.

Baadaye daktari alimwita peke yake, akafunga mlango.

"Humu hayumo mwingine, Bwana Tsukahara. Nijibu bila woga. Unatoa kwa hiari yako?"

Nyuma ya ukuta Bi Yasue alikohoa. Fumihiko alifungua mdomo. Neno "hapana" lilikuwa pale pale, juu ya ulimi.

"Ndiyo, Daktari. Kwa hiari yangu kabisa." Akatabasamu.

Daktari alitoka. Alikawia. Aliporudi aliwakusanya wote, na Mzee Genzo akaletwa kwa kiti cha magurudumu.

"Mia moja na kumi na nane," daktari alisema. "Amepungua nje, lakini ya ndani yamegoma. Poleni sana. Haiwezekani."

Bi Yasue alishika ukuta. Chizuru alifunika uso.

"Si nilisema?" Mzee Genzo alifyonya. "Mtu wa tumbo ni wa tumbo tu. Nirudisheni kitandani, nimechoka."

Fumihiko alingoja mpaka ukumbi ulipobaki mtupu. Akamfuata daktari, akainama sana.

"Daktari, mwili huu ni wangu. Mafuta hayo hayapo."

Daktari alitazama huku na huku. "Sabini na moja," alinong'ona.

Fumihiko akainama tena. "Asante. Nilijitahidi kuificha hofu yangu. Uliionaje?"

"Sikuiona," alisema Daktari Kanbara. "Uliponijibu nilikuamini, nikakimbia kumpa Mzee Genzo habari njema. Hakulitaka ini lako. Ile mia moja na kumi na nane aliitunga yeye."