Bomba la Siwema

Tangu asubuhi Siwema alikuwa akikata bomba la maji kwa msumeno. Mbele alifunga lenzi ya hadubini, nyuma yake lenzi ya pili, kisha kamera. Kila alipokosea umbali wa lenzi hiyo na kamera, nyuki aliyekufa alionekana kama bonge la moshi. Macho yalimuuma.

"Shemeji, bado tu?" aliuliza Mashaka, mwenye mizinga. "Kesho kikundi chetu cha wafuga nyuki kinamfukuza Ndimbo kwa kuniulia nyuki kwa sumu. Naitaka hiyo picha."

Siwema alisukuma bomba kiasi cha unene wa kucha. Nyuki akatokea waziwazi, hata vinyweleo vyake, naye akapiga picha. Tumbo lote lilikuwa limegandwa na utitiri mwekundu.

"Ndimbo hana kosa. Ni utitiri huu. Njoo uone."

Mashaka hakusogea. "Ifute. Nimeshamtangaza sokoni. Ukinitia aibu, utaniomba radhi mbele ya mama."

Siwema alilizungushia bomba selotepu, polepole, mpaka likakaza pale pale. Kwenye kioo cha kamera nyuki alibaki amelala, mkubwa kama kiganja.

"Siombi," alisema.