Mikono ya Siwema

Siwema aliweka kiganja kifuani mwa maiti ya jirani yao, akakiondoa haraka.

"Mwanaate, ngoja. Huyu ana joto."

Mwenzake alisita na kata ya maji mkononi. Nje, wanaume walishaleta jeneza. Mwanaate akamgusa marehemu shingoni, kisha kwenye nyayo.

"Wa baridi, dada. Amefariki tangu alfajiri."

"Nakwambia ana joto! Tuzike mtu aliye hai?"

Mwanaate akamshika Siwema mkono, na papo hapo akauachia.

"Ni wewe," alinong'ona. "Wewe ndiye wa baridi kumshinda yeye."

Siwema alikikumbuka kipimajoto cha asubuhi: thelathini na nne. Alikuwa amekikung'uta, akasema kimeharibika. Daktari alishamweleza kwamba kinga ya mwili wake inaishambulia tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili joto, kwa hiyo asikose vidonge hata siku moja. Yeye alijiona amepona, akaviacha tangu mwezi uliopita.

"Dada, umevaa masweta mawili, na mimi jasho linanitiririka."

Siwema alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha kuoshea. Mwanaate alisimama na kata ya maji ya vuguvugu mbele ya wale wawili, asijue ammiminie nani kwanza.