Moto Usinyamaze

Spana niliyoigusa mfukoni ndiyo aliyopaswa shemeji yangu kufungulia kizibo cha grisi. Niliinua macho. Kizibo kilikuwa bado mahali pake.

Fimbo ya moto, bomba la oksijeni linalokata chuma huku lenyewe likiungua na kufupika, ilikuwa imeshakula nusu ya pini iliyoganda kwenye mkono wa katapila. Grisi ikichemka ndani bila pa kupumulia, pini hufyatuka kama risasi. Upande wa pili, nyuma ya bati, alikuwepo shemeji yangu.

Asubuhi alinitania, "Shemeji, ukiniunguza, dada yako utamlisha wewe."

"Nitamtafutia mume asiye na maneno mengi," nikamjibu. Katika kucheka huko, spana ikabaki kwangu.

Kidole changu kilitaka kuachia kishikio, moto uzime. Kikasita. Masikio yetu tunayaziba, hatusikii ila ngurumo, na miaka yote ishara yetu ni moja: moto ukinyamaza, pini imekatika, naye huja kuchungulia tundu.

Basi nikaichomoa fimbo na kuielekeza juu, ingurume hewani mpaka chuma kipoe. Nilimwita hadi koo likauma. Nilitaka kumfuata, lakini mpira wa oksijeni ulikuwa mfupi.

Cheche zilinyesha juu ya glavu zangu. Fimbo ilianza na urefu wa mkono. Sasa ilibaki shubiri moja, na nyingine sikuwa nayo. Kizibo kiligeuka rangi ya bluu, kikaanza kutetemeka.

Ee Mungu, nikaomba, mfanye leo awe mvivu.

Vikabaki vidole viwili vya fimbo.