Kijiko cha Uji

Tangu mapishi yapigwe marufuku, sote tunalishwa kwa mshipa. Bado tunanawa mikono, tunakaa mkekani na kukaribishana, kisha kila mtu anachomeka mpira wa dripu mkononi.

Leo nilimtoa binti yangu Raya uani nimsuke. Kwenye jua nikaona macho yake manjano kama binzari.

"Ini hilo, wifi," alininong'oneza shangazi yake, Zulekha. "Dripu inaliua. Mlishe kwa mdomo."

Akafungua pindo la kanga, akanipa unga.

Nilifunga madirisha majirani wasinuse, nikakoroga uji, nikamtia Raya kijiko kinywani.

"Meza, mwanangu."

Alinikodolea macho, mashavu yamemtuna, akingoja nimwonyeshe. Nikaonja mimi. Koo langu likagoma; nami nilishasahau kumeza.