Daktari Mwenye Salamu

Bashira, mpiga picha za mashine hospitalini, aliufunga mlango wa nje kwa ufunguo, akautikisa kuhakikisha, ndipo akaja kumkaza Mzee Shaame mkanda.

"Mbona unafunga? Mimi mwizi?"

"Si wewe, baba. Nnamfungia mtu mwengine."

Mzee Shaame alikuwa kalala chali juu ya kitanda chembamba cha mashine, mikono kaipandisha juu ya kichwa kama mateka. Tumboni kawekewa kijisanduku, kinapanda na kushuka kwa kila pumzi, na kamera inakitazama. Yeye fundi wa feni pale Mlandege. Umri wake wote kazi yake kuzipasua mashine. Leo mashine ndiyo inammeza yeye.

Kitanda hiki alikijua. Mwaka juzi alilala mkewe, Bi Mwatima. Walimzungusha miezi: njoo kesho, njoo wiki ijayo, mkubwa yuko safarini. Alipokuja kupigwa picha, wakasema kivimbe cha pafu kishazaa cha pili. Kimoja wanakichoma kwa mionzi. Viwili wanakwambia nenda nyumbani ukapumzike. Akarudi kwao Mpendae, akapumzika kweli, mpaka leo.

Shaame hakuwasamehe. Wakubwa wakipiga chafya tu hupandishwa ndege. Mwatima alikohoa damu akaambiwa asubiri, mpaka kimoja kikawa viwili. Nani mwengine wa kulaumiwa?

Na wiki iliyopita wakamwambia na yeye: viwili.

"Sasa mmeniitia nini tena, mwanangu? Mnanipima sanda?"

Bashira aliinama, akasema kwa sauti ya chini. "Picha ile ulipumua, baba. Nilikwambia uzuie."

"Nilizuia."

"Ulisema kitu."

Mzee akafikiri. "Daktari Abdulwahid alinisalimia kwenye spika. Shikamoo, Mzee Shaame. Nikamwitikia marahaba. Ulitaka ninyamaze kama ng'ombe?"

"Nilitaka unyamaze kama gogo."

"Hayo kawafunze wenzako. Hospitali nzima hii, kuanzia mlinzi wa getini mpaka huyo bosi wenu wa tai, mwenye adabu ni daktari yule peke yake. Wengine wanatupita kama tumemwagwa."

"Basi ndiye huyo niliyemfungia." Bashira alitazama mlangoni. "Pafu likienda, kivimbe kinakwenda nalo. Ukipumua katikati ya picha, mashine inakiona hapa, halafu inakiona pale. Kimoja kinatoka viwili. Haya, nani atakwenda kumwambia mkubwa kuwa salamu zake zinaharibu picha? Mimi nna mwezi wa pili tu kazini."

Mzee akamgeuzia uso. "Kwa hivyo changu huenda ni kimoja?"

"Huenda. Nikisema zuia, zuia. Hata akija nani."

Akaingia kwenye chumba chake cha kioo. Kitanda kikateleza, duara la mashine likamfunika Shaame mpaka kifuani. Mkanda ukambana. Akataka kujikuna pua, hakuweza.

"Vuta pumzi," ilisema spika. "Zuia."

Duara likaanza kuzunguka. Na hapo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi, Bashira! Mzee wangu yumo humo?"

Tangu azaliwe, Shaame hajaacha hodi ikose karibu. Ulimi ulinyanyuka wenyewe. Akaubana kwa meno.

"Mzee Shaame! Shikamoo!"

Marahaba ilipanda kifuani, ikafika kooni, ikakaa pale kama mwiba wa samaki. Macho yakamtoka maji. Mtu mzima, msomi, anakupa heshima yako kutoka nje ya mlango, nawe umelala unaikodolea macho dari. Angemdhania kafa. Angemdhania mshenzi.

"Shikamoo, mzee! Jamani, hodi!"

Kijisanduku hakikutikisika.

"Pumua!"

Alipumua kama mtu aliyetolewa kisimani. Nyuma ya kioo Bashira aliiinamia picha. Shaame alisoma alichokumbuka cha Kurani, akachanganya sura mbili, akaanza tena.

Bashira alitoka mbio, kandambili zinampiga visigino. "Kimoja, baba! Kimoja tu! Kinachomeka!"

Mzee Shaame alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Nifungue nikubusu mkono, mwanangu."

"Usitikisike kwanza! Nnataka kukuchora alama za mionzi. Ngoja nimfungulie huyu asije akavunja mlango."

Daktari Abdulwahid aliingia mkono kifuani, kofia yake imenyooka, tabasamu lake lile lile.

"Marahaba, daktari, marahaba!" Shaame aliwahi kabla hajaulizwa, angali kafungwa. "Nisamehe. Nilizuiwa."

"Hamna neno, mzee wangu. Lakini roho haikunikaa sawa, nimeachwa nje kama paka." Akasogea, akamwekea mkono begani. "Mgonjwa akiingia humo huwa peke yake na hofu yake. Hawa vijana wanakupa amri tu: vuta, zuia. Mimi lazima nimsalimie, asikie kuna binadamu. Tangu mashine hii ije, sijamruka hata mmoja."

Bashira alisimama na kalamu yake ya alama, hachori.

"Marehemu mkeo, Bi Mwatima," daktari alisema kwa upole, "nilimsalimia akiwa humo humo ndani. Na aliniitikia vizuri sana."