Kicheko Kifuani mwa Mama Mkwe

Siku hizi mgonjwa mwenye uvimbe kwenye pafu hapigwi mionzi mpaka ndugu avae mkanda unaounganisha vifua vyao na kumpumulia. Kifua cha mgonjwa hufuata cha ndugu yake. Huyu akibana pumzi, uvimbe nao hutulia.

Mwanakombo alimpumulia mama mkwe wake. Alipobana pumzi, Rukia, dada wa mumewe, akamnong'oneza, "Wifi, leo mama kafunga mdomo. Dua zetu zimejibiwa!"

Kicheko kikamponyoka Mwanakombo. Mionzi ikakosa uvimbe, ikaunguza sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa.

Jioni alimpelekea mgonjwa uji, macho chini. Mama mkwe akamshika mkono.

"Mwanangu, kile kicheko kilinitoka na mimi. Tulikuwa tunamcheka nani?"

Mwanakombo akaanza kukoroga uji uliokwisha poa.