Kabla ya Fundo

"Usifumbe, mama," daktari alisema. "Uzi bado haujafungwa."

Jicho lilikuwa limetiwa dawa ya ganzi. Mwenyewe naye alikuwa ganzi mwili mzima, tangu msiba wa mwaka jana. Alikaa wima kwenye kiti cha kliniki, akatazama nukta nyeusi ukutani kama alivyoagizwa.

Tezi ya shingoni ndiyo iliyoanza vurugu. Ilivimbisha misuli ya macho, jicho moja likavutwa chini, na tangu hapo kila kitu alikiona mara mbili, kimoja juu kidogo na pembeni mwa kingine. Fundi cherehani wa sindano mbili, wapi na wapi! Kiwandani walimcheka, kisha wakaacha kucheka. Msimamizi alimwambia wazi: arudi akiona sindano moja, la sivyo nafasi yake ina mtu.

Asubuhi walimpasua, wakausogeza msuli. Sasa ilibaki kuulizana tu. Yeye aseme anachoona, daktari avute uzi mpaka nukta iwe moja, kisha apige fundo. Fundo likishapigwa, ndiyo basi tena.

"Nukta ngapi?"

"Mbili."

Daktari akavuta. "Sasa?"

"Mbili. Zimekaribiana."

"Tunafika. Bado kidogo tu."

Mlango ukafunguliwa, wifi yake akachungulia. "Samahani, daktari. Huku nje ni kilio tu. Kumwona mama dakika moja, jamani."

Aligeuza macho. Pacha wake walikuwa mlangoni, miaka minane, magauni ya kijani aliyoyashona mwenyewe. Walikuwa wamebanana kuliko asubuhi.

"Toa kidole mdomoni, wewe," wifi alinong'ona.

Vidole vikatoka kwa pamoja.

"Haya, tumalizie," daktari alisema, mkono kwenye uzi. "Ngapi?"

Alitazama tena mlangoni, kisha ukutani. Kazi ile alikuwa anaihitaji, hilo alilijua.

"Moja."

"Una hakika?"

"Moja, daktari. Funga."

Daktari akapiga fundo, akakata uzi. "Hongera, mama. Karibu tena kwenye cherehani!"

Wifi akashukuru Mungu kwa sauti. Pacha wakamkimbilia mama yao, hatua zao sawasawa. Aliwanyooshea mikono yote miwili, mmoja kwa kila mtoto.

Wa kushoto ukamkumbatia binti yake. Wa kulia ukashika hewa, mahali pa pacha aliyezikwa mwaka jana, naye akauacha palepale.